Ndugu ndiye wa kwanza kuandikiwa mkataba

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha hapa Dar, na wenye nyumba wengi wako mbali, wapo wa Dodoma, Mwanza, Muscat, wengine Uingereza. Wiki hii nimeambiwa tena ile kauli ambayo nimechoka kuisikia: "Huyo ni mdogo wangu tumbo moja, mkataba wa nini? Mikataba ni ya watu baki." Nimeona niandike, maana kwenye simu huwa naishia kubishana tu.

Ni kinyume kabisa. Mtu baki hata karatasi yake ikipotea bado anajulikana ni nani, alikuja na dalali, akalipa miezi sita mbele, dalali akala mwezi wake mmoja, mjumbe na majirani wote wanamjua kwamba yule kapanga. Ndugu yako kaingia na begi jioni, hakuna aliyeona hela, jirani kaambiwa "huyu mdogo wake mwenye nyumba", mwaka wa tatu wanamwita baba mwenye nyumba na wewe hawakujui hata sura. Sasa yupo pale kama nani? Mgeni wako, mwangalizi wa nyumba, mpangaji wa bei ya chini, au ulimpa? Wewe una jibu lako, yeye ana lake, na hakuna hata mmoja kati yenu anayedanganya.

Na msiniambie sheria hailazimishi maandishi, najua. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu pango la mwaka mmoja au chini ya hapo hata kwa mdomo. Lakini mkifikishana mahakamani, ahadi za watu wa familia huanza kwa kuchukuliwa kwamba ni mambo ya nyumbani, kwamba hamkuwa na nia ya kubanana kisheria, kwa hiyo mzigo wa kuonyesha kwamba mlikuwa mnapangishana kweli unakuwa wako. Kwa mtu baki mzigo huo hata haujitokezi.

Kuna na wale wa upande wa pili, wanaoniambia hawapangishi ndugu kabisa kwa sababu "akifikisha miaka 12 nyumba yake". Hapana jamani! Miaka 12 ni ukomo wa wewe kudai ardhi yako kutoka kwa mtu aliyeingia na kukaa bila ruhusa yako. Aliyekaribishwa hawezi kumpora aliyemkaribisha, hata akae muda gani na hata aendeleze vipi, Mahakama ya Rufani imeshalirudia hilo mara nyingi tu. Ila kuna swali watu wanaliruka: nani atasema alikaribishwa? Wewe. Na siku haupo?

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize, kwa sababu kesi za pango la ndugu ninazoziona nyingi haziletwi na kodi kutolipwa, zinaletwa na msiba. Mdogo wako anafariki. Mke wake kaishi humo tangu aolewe, watoto wamezaliwa humo, mume hakuwahi kumwambia kwamba wanamlipa kaka (wanaume wengi hawasemi, wanaona aibu), yeye anachojua ni kwamba hapa ni kwetu. Msimamizi wa mirathi anaandika mali za marehemu na nyumba yako imo. Wewe unatoka huko uliko unasema ni yangu, na mbele ya ukoo mzima umeshakuwa shemeji anayefukuza mjane na yatima. Huyo mama si tapeli, hakuna aliyempa ukweli. Karatasi moja yenye sahihi yake yeye pia ingemwepusha na aibu ile, na ndiyo maana kwangu mke au mume wa ndugu anasaini, siyo shahidi wa pembeni. Geuza: umefariki wewe, watoto wako wanamkuta baba mdogo ndani, yeye anasema kaka alinipa kwa mdomo, wao wanasema alikuwa analipa, na kila upande una shangazi wa kuutetea.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ndiyo inazidisha mkanganyiko. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, na ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Anayedaiwa ni mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni aliyemo ndani. Kwa hiyo ndugu yako ana kumbukumbu za miaka akilipia kodi ya jengo na wewe huna hata moja. Haimpi umiliki hata kidogo, lakini kwenye kikao cha ukoo inasikika vizuri sana. Andikeni kwamba hiyo hela inakatwa kwenye kodi ya pango.

Bei. Mpunguzie, ni ndugu yako, sina shida na hilo. Ninachokataa ni "utanipa ukipata". Kama nyumba inakwenda 400,000 na yeye atalipa 250,000, andika zote mbili: kodi 400,000, punguzo 150,000, mpaka Desemba, halafu mtazungumza. Usipoandika, ile 250,000 ndiyo inakuwa bei, na siku ukitaka kupandisha umekuwa na roho mbaya. Ukitaka akae bure, kumkalisha ndugu bure ni jambo jema, andika ni bure na mpaka lini. Na mwenzi wako aijue hiyo namba, asije akaisikia kwa mawifi. Kodi ya zuio ya pango, ile ya serikali ambayo mpangaji anaikata kwenye hela ya pango kabla ya kumlipa mwenye nyumba, asilimia 10, haina msamaha wa undugu, na ndugu akifungua saluni kwenye fremu yako yeye kama mfanyabiashara ndiye anayepaswa kuikata na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato.

Ukarabati: ruhusa kwa meseji kabla, risiti baada, basi.

Kuna mahali karatasi hainisaidii na sitawadanganya. Ndugu akiachishwa kazi na ana watoto wadogo, mkataba unasema notisi, mama yenu anapiga simu analia. Nimeona watu wakitoa notisi na familia ikapona, nimeona wengine wakavumilia mwaka mzima na undugu ukavunjika hivyohivyo. Bado sina kanuni. Ninachofanya siku hizi ni kuwauliza mapema, wakati bado mnacheka: akikosa, atakosa miezi mingapi kabla hatujakaa tena? Mnaiandika hiyo namba.

Kwa ambao ndugu tayari yumo ndani mwaka wa tano, hamjachelewa. Usimpelekee mkataba mpya kama hati ya mashtaka. Andikeni ukurasa mmoja unaosema yupo tangu lini, kwa ruhusa ya nani, kwa kiasi gani, na mpaka hapo nani anamdai nani. Msaini wote na wenzi wenu, ofisi ya serikali ya mtaa igonge muhuri. Kisha kuanzia mwezi ujao hela ipite kwenye simu au benki, hata kama ni elfu hamsini.