Je, wajua kwa nini mashabiki wa muziki wa metali Botswana huvaa kama makauboi?

Ghanzi ni mji mdogo wa magharibi mwa Botswana, ndani ya Kalahari, na kwa muda mrefu sifa yake ilikuwa moja tu: ng'ombe. Mwaka 2008 ikaongezeka ya pili. Hapo ndipo ilipoanzishwa Overthrust, bendi ya deth metali, tawi kali la metali ambayo yenyewe ni roki nzito, inayoongozwa na Tshomarelo Mosaka, mwimbaji na mpiga gitaa la besi ambaye jukwaani hujiita Vulture Thrust. Bendi hiyo huandaa tamasha lake la hisani hapo hapo Ghanzi wakati wa majira ya baridi. Mwaka 2016 ilialikwa kwenye tamasha la Wacken, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani ambacho kila kiangazi hufurika makumi ya maelfu ya wapenzi wa muziki huo.

Hata hivyo, mtu akiona picha za Ghanzi kwa mara ya kwanza, jicho huipita bendi na kutua kwa waliosimama mbele ya jukwaa. Wamevaa ngozi nyeusi kuanzia mabegani hadi kwenye buti. Kichwani kofia pana ya kikauboi. Mikono ya koti imeshuka matamvua marefu, mkanda umejaa vichuma vilivyochongoka, minyororo inaning'inia kiunoni, na pengine kuna pembe au fuvu la mnyama mkononi. Watu hawa huitwa marok. Ile fulana nyeusi ya bendi, ambayo kwingineko ndiyo sare ya shabiki wa metali, hapa mara nyingi huvaliwa chini ya hayo yote.

Kwa nini ngozi, na kwa nini kauboi?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba Botswana ina ng'ombe wengi, kwa hiyo ina ngozi nyingi, kwa hiyo vijana huvaa ngozi. Limenyooka kiasi kwamba watu hulirudia bila kulikagua. Tatizo lake ni kwamba kati ya ng'ombe na koti kuna kiwanda, na kiwanda hicho si kitu kidogo.

Ngozi ikichunwa leo bila kutiwa chumvi, haichukui siku nyingi kuanza kuoza. Ukiianika juani haiozi, ila hukauka ikawa ngumu kama ubao, na ikilowa tena hurudi kuoza ilipoachia. Sababu iko kwenye nyuzinyuzi za kolajeni, protini inayojenga sehemu kubwa ya ngozi. Chukua wavu wa mvuvi ambao nyuzi zake zimepangwa vizuri lakini mafundo hayajafungwa. Kwa macho ni wavu. Uvute kidogo au uutose majini, nyuzi zinateleza, zinajikusanya upande mmoja, umbo limepotea. Ngozi mbichi iko hivyo: nyuzi zipo, zimelala kwa mpangilio, ila vifungo kati yake ni dhaifu. Maji yakiingia hulegea, maji yakitoka hugandana, na bakteria hupata nafasi ya kutafuna.

Kazi ya kiwanda ni kufunga mafundo. Kwanza ngozi hulowekwa, hutiwa chokaa ili manyoya yang'oke, hukwanguliwa mabaki ya nyama, kisha huingizwa kwenye mapipa makubwa yanayozunguka yenye maji na chumvi za kromiamu. Kromiamu hupenya ndani na kushikamana na nyuzi jirani kwa wakati mmoja, fundo baada ya fundo. Tangu hapo maji hupita bila kuharibu umbo, na bakteria hawapati pa kuanzia. Ngozi mbichi ikitiwa kwenye maji ya moto hunywea joto likipita nyuzi 60 za Selsiasi hivi, lakini iliyokamata kromiamu sawasawa huvumilia maji yanayochemka. Mafundi hukata kipande, wakakichemsha, na kisiponywea wanajua pipa limemaliza kazi.

Katika hatua hiyo ngozi ina rangi ya buluu hafifu, na bado haijawa koti. Inabaki kupasuliwa kwa unene, kutiwa mafuta ili ilainike, kupakwa rangi nyeusi, kupigwa pasi kwa mashine, kukatwa na kushonwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngozi za ng'ombe wa Botswana imeuzwa nje ikiwa mbichi au imeishia kwenye ile buluu, hali ambayo msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kufafanuliwa. Kuna njia ya zamani pia. Watu wa Kalahari walijua tangu kale kulainisha ngozi za wanyama kwa mikono na kuzishona kuwa mablanketi mazuri sana. Ila koti jeusi lenye zipu ya mshazari halikutoka kwenye ufundi huo. Koti huja limeshashonwa, na shabiki huanzia hapo: anapigilia vichuma, anaongeza minyororo na matamvua, mpaka wawili walioanza na makoti yanayofanana hawafanani tena.

Kwa hiyo ng'ombe wa Ghanzi hawamvishi mtu yeyote moja kwa moja. Kama wanahusika, wanahusika kwa njia nyingine, na kuiona inabidi twende Uingereza kidogo.

Ngozi na vichuma viliingia kwenye metali mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia Rob Halford, mwimbaji wa bendi ya Judas Priest kutoka eneo la Birmingham. Mavazi hayo aliyapata London, kwenye duka lililowahudumia wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Halford, ambaye mwaka 1998 alitangaza hadharani kwamba yeye ni mmoja wao, amelieleza jambo hilo mwenyewe. Mashabiki wa wakati ule waliona waendesha pikipiki wakali, na hawakuuliza zaidi.

Kauboi aliongezwa na Motörhead, bendi nyingine ya Uingereza. Kwenye jalada la albamu yao ya mwaka 1980, Ace of Spades, wanaonekana wanaume watatu wenye ngozi nyeusi, kofia na mikanda ya risasi, wamesimama jangwani chini ya anga la buluu. Ukiangalia haraka utasema ni Arizona. Picha ilipigwa kwenye machimbo ya mchanga huko Barnet, kaskazini mwa London. Yaani Waingereza watatu wasio na ng'ombe hata mmoja walisimama kwenye shimo la mchanga wakajifanya wachungaji wa jangwani, na picha za aina hiyo zikasambaa hadi kwenye nchi yenye jangwa halisi na wachungaji halisi.

Hapo ndipo ng'ombe wanaporudi. Kwa Watswana, mgawanyo wa zamani wa maisha una sehemu tatu: kijijini kwenye nyumba, mashambani, na moraka, yaani kituo cha mifugo ambacho mara nyingi kiko mbali sana na kijiji. Mwenye nyumba na kazi Gaborone bado anaweza kuwa na moraka yake, akaenda huko mwisho wa wiki kuangalia kisima na ndama. Ghanzi ilizidi wengine. Kabla malori hayajachukua kazi hiyo, ng'ombe wa huko waliswagwa kwa miguu kuvuka Kalahari hadi machinjio ya Lobatse, kusini mashariki mwa nchi, safari ya wiki kadhaa kutoka kisima hadi kisima, wachungaji wakiwa juu ya farasi. Kijana wa Ghanzi anayeona kofia pana kwenye jalada la albamu anaona kitu ambacho babu yake angeweza kuwa amevaa kazini. Muziki wenyewe ulikuwa umeshatayarishiwa njia: Nosey Road walipiga roki Botswana tangu miaka ya 1970, Metal Orizon wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Wrust na Skinflint wa Gaborone.

Maelezo haya yanashawishi, na marok wenyewe huyatoa wakihojiwa. Yasibebeshwe mzigo kupita kiasi, hata hivyo. Nairobi nayo ina bendi za metali, Kenya ina ng'ombe na wachungaji wa kutosha, na bado shabiki wa Nairobi huridhika na fulana na jinzi. Halafu wapo vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambao katika miaka ya 1950 walijiita Bills kwa kumfuata Buffalo Bill wa sinema, wakavaa na kutamba kama makauboi katikati ya jiji lisilo na malisho. Ng'ombe, basi, si lazima wala hawatoshi. Huenda mashabiki wachache wa mwanzo walivaa hivyo, wakapendeza, na waliofuata wakaona ndivyo inavyotakiwa. Mitindo mingi huzaliwa kwa namna hiyo, ingawa sababu ya aina hii haileti makala ndefu.

Dhana nyingine ni kwamba mavazi haya ni maigizo kwa ajili ya kamera za wageni. Ni kweli dunia iliwajua marok kupitia wapiga picha, hasa Frank Marshall wa Afrika Kusini, aliyetoa mfululizo wa picha ulioitwa Renegades karibu na mwaka 2010. Lakini alichopiga kilikuwepo tayari. Baadaye mpiga picha Paul Shiakallis aliwafuata wanawake wa kundi hilo, wanaoitwa malkia, akawapiga picha nyumbani na mitaani kwao wakiwa wamevaa ngozi kamili. Baadhi yao walificha upande huo wa maisha kwa ndugu na majirani, wakiutoa kwenye mitandao kwa jina la bandia. Ukiwa unaigiza kwa ajili ya kamera, hujipi kazi ya kujificha. Na ajabu iliyo kinyume na kawaida ya muziki huu ni kwamba wanamuziki wenyewe mara nyingi hupanda jukwaani wamevaa kawaida kuliko wanaowatazama.

Linabaki swali la joto, ambalo kila mtu huuliza. Kwa tamasha la majira ya baridi halina uzito: mwezi Juni na Julai usiku wa Ghanzi unaweza kushuka hadi karibu nyuzi sifuri, na hapo koti zito la ngozi lina akili kuliko fulana. Mchana wa Oktoba, unaofika nyuzi 35 na kuzidi, hauna utetezi wowote wa kisayansi. Wanavumilia tu.