Pakiti ya Sh90 na Gorogoro ya Kijijini

Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kenya ilishusha bei ya pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili hadi Sh90. Ukame ulikuwa umeharibu mazao, pakiti ilikuwa imevuka Sh150, na zile za ruzuku zilipofika madukani ziligombaniwa.

Sisi tunaofuatilia matumizi ya kaya za vijijini huulizwa kila mara kama ruzuku ya namna hiyo inamfikia maskini. Mimi huuliza kwanza: maskini huyo hununua nini?

Ingia soko la kijijini Bungoma au Siaya mwezi wa Mei. Wenye kipato kidogo hununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na asiyeweza gorogoro nzima hupimiwa nusu. Mahindi yanapelekwa posho mill, mwenye mashine analipwa, unga unarudi nyumbani na pumba zake. Unga wa pakiti ni wa mwenye mshahara, au wa siku kumekuja wageni.

Sasa piga hesabu. Mwaka ule wasagaji wakubwa waliuziwa mahindi ya serikali kwa Sh2,300 gunia la kilo 90, huku gunia sokoni likiwa zaidi ya Sh4,000. Kwa Sh4,000, kilo mbili ni karibu Sh89, kabla muuzaji hajaweka faida yake na kabla ya pesa ya kusaga. Kwa hiyo mama wa kijijini alilipia punje zisizosagwa bei ileile, pengine zaidi, ambayo mfanyakazi wa Nairobi alilipia unga mweupe uliokobolewa na kufungwa. Ruzuku ilitolewa kiwandani, na mahindi ya gorogoro hayapiti kiwandani.

Mtu atasema wanakijiji wana mashamba. Wanayo, lakini wengi wenye ekari moja au nusu hununua mahindi mengi kuliko wanayouza. Wanavuna, madeni yanadai, Januari karo inadai, gunia linatoka wakati bei iko chini. Ikifika Aprili ghala ni tupu na wanarudi sokoni kununua, pengine mahindi yaleyale, kwa bei ya juu. Bodi ya Nafaka, inayonunulia serikali mahindi ya wakulima, hununua kwa gunia, na mahindi lazima yawe yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13.5. Anayeuza gorogoro tano ili apate pesa ya dawa hana la kupeleka huko. Jirani yake mwenye ekari 20 na lori la kukodi analo, kwa hiyo bei nzuri ya serikali humfikia yeye.

Julai 2022, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi (hapa kalenda inajieleza), pakiti iliyokuwa imepita Sh200 iliuzwa kwa Sh100. Septemba, akiapishwa, Rais William Ruto alisema mpango huo ulikuwa umemeza Sh bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo. Akahamishia ruzuku kwenye mbolea: mfuko wa kilo 50 ukashuka kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500, baadaye Sh2,500.

Mbolea nafuu huongeza mavuno, silipingi hilo. Ila ruzuku hiyo hufuata ukubwa wa shamba. Mwenye mifuko 20 anapata punguzo mara 20, mwenye nusu ekari anapata la mfuko mmoja na kulipa bodaboda kuufuata mjini. Kibarua asiye na shamba hapati kitu, na huyo ndiye anayenunua chakula mwaka mzima.

Ningekuwa na sauti katika bajeti, mahindi ya akiba yangeuzwa kwa gorogoro katika masoko ya vijijini kuanzia Aprili hadi mavuno mapya. Pili, ningetazama Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee, yatima na wenye ulemavu mkali Sh2,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa palepale zaidi ya miaka kumi. Kwa bei ya katikati ya 2022, kabla ya ruzuku, mzee akitumia yote kwa unga alipata pakiti zisizofika kumi, bila chumvi, bila mafuta ya taa.