Jina lenye nguvu kwa mtoto: ulizeni mzizi, kisha sikilizeni mlio

Swali moja hulifikia dawati letu la lugha mara kwa mara, na wanaoliuliza ni wazazi wanaotarajia mtoto: "Tunataka jina lenye nguvu. Tuchague lipi?" Wengine huja na jina mkononi. Wameliona kwenye orodha ya mtandaoni, na wanataka kuthibitishiwa tu kwamba kweli maana yake ni simba, shujaa au chuma. Nafurahi kila mara swali hili linapoulizwa kabla mtoto hajasajiliwa, maana baada ya hapo kilichobaki huwa ni kueleza, si kuchagua.

Tunaposema jina lina nguvu, huwa tunachanganya mambo mawili. Kuna nguvu ya mlio, yaani jinsi jina linavyogonga sikio. Kuna na nguvu ya asili, yaani maana iliyomo katika mzizi wa neno. Mara nyingi haziendi pamoja. Mtazameni Samsoni. Ukilitaja jina hilo mtu humkumbuka yule aliyempasua simba kwa mikono mitupu katika kitabu cha Waamuzi. Lakini kwa Kiebrania jina lake ni Shimshon, nalo limetokana na shemesh, yaani jua. Mzizi huo ndio uleule wa neno la Kiarabu shams, kwa hiyo Samsoni na Shamsa ni ndugu. Nguvu tunayoisikia katika jina hilo imeletwa na habari za mwenye jina, neno lenyewe halina misuli.

Gabrieli ni kinyume chake. Linasikika pole, na wengi humhusisha na habari njema tu. Ndani yake, hata hivyo, mna gever, mwanamume shupavu, na El, Mungu. Ndiyo maana hufasiriwa "shujaa wa Mungu" au "Mungu ni nguvu yangu". Jibrili ni jina hilohilo kwa njia ya Kiarabu. Ezekieli nalo ni "Mungu hutia nguvu", na Hezekia ametoka kwenye mzizi huohuo wa kutia nguvu, ila limemalizikia kwa jina la Yahwe badala ya El. Mzazi anayetaka nguvu iliyomo katika neno lenyewe angefaa kuwatazama hawa kabla ya Samsoni.

Mlio nao una elimu yake. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika kuhusu michoro miwili, mmoja wenye ncha kali na mwingine wa mviringo, na maneno mawili yasiyo na maana. Neno takete lilielekea kupewa mchoro wenye ncha, na baluma ule wa mviringo. Mwaka 2001 Ramachandran na Hubbard walilirudia wazo hilo kwa maneno kiki na bouba, na baadaye watafiti wakalipima kwa wasemaji zaidi ya 900 wa lugha 25. Mwelekeo ulionekana katika lugha nyingi, ingawa si kwa kila mtu. Konsonanti za kupasua kama p, t na k hutupa hisia ya ncha na ukali. M, l na b pamoja na irabu o na u hutupa hisia ya kitu laini, cha duara.

Ndiyo sababu Viktor na Petro hugonga, na Munira na Leila huteleza. Naomba jambo hili lisivutwe kupita kiasi. Majaribio haya yanaeleza sikio la msikilizaji. Hayasemi kwamba mtoto aitwaye Viktor atakuwa mkali au Leila atakuwa mpole, na anayewauzia wazazi utabiri wa aina hiyo anawadanganya.

Kuna jambo la mlio ambalo orodha za kigeni haziwezi kuwaambia: jina litasikikaje kwa Kiswahili. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na jina linaloishia na konsonanti mara nyingi huongezewa irabu. Richard likawa Richadi, na mkazo ukahama kutoka mwanzo ukaenda kwenye "cha". Nguvu mliyoisikia kwenye filamu inaweza kupungua, au ikaongezeka, jina linapofika nyumbani. Liiteni kwa sauti kubwa, kama mnavyomwita mtoto aliye upande wa pili wa uwanja. Kisha litamkeni polepole, kama mnavyombembeleza alale. Jina litatumika kwa yote mawili.

Sasa nije kwenye mzizi, maana hapa ndipo makosa yanapozaliana. Chukueni Jabari. Orodha nyingi huandika "Jabari: shujaa, Kiswahili", basi. Ni kweli kwamba kwa Kiswahili jabari ni mtu mwenye nguvu asiyetishika. Lakini neno limetoka Kiarabu, jabbār, na huko lina uzito mwingine. Al-Jabbar ni mojawapo ya majina ya Mungu. Linaposemwa juu ya binadamu, katika Qurani kwa mfano, huwa ni lawama: mtu jeuri, anayelazimisha wenzake. Kwa hiyo wazazi Waislamu wanaolitaka jina hilo hutanguliza Abd, mtumishi, likawa Abduljabbar. Mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947 akiitwa Ferdinand Lewis Alcindor alifuata muundo huo kamili alipoanza kujulikana kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar mwaka 1971. Na Ferdinand aliloliacha si jina nyonge hata kidogo: sehemu yake ya mwisho, katika lugha za kale za Kijerumani, ilimaanisha ujasiri.

Mzizi huo wa j-b-r una upande mwingine ninaoupenda zaidi. Jabr ni kuunga mfupa uliovunjika na kuurudisha mahali pake. Ndimo lilimotoka hata neno aljebra. Jabiri, jina tulilolizoea kwa muda mrefu, linatokana na upande huo, yule anayeunga kilichovunjika. Herufi tatu zilezile, nguvu za namna mbili. Mzazi akilijua hilo anachagua akiwa macho.

Kiarabu kinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu Kiswahili huunganisha sauti ambazo Kiarabu hutenganisha. Nasri inaweza kutokana na naṣr yenye herufi sad, yaani ushindi na msaada, au nasr yenye sin, yaani tai, ndege mkubwa. Tukiandika kwa herufi zetu, yote mawili ni Nasri. Hakuna orodha inayoweza kuwaamulia. Muulizeni anayesoma Kiarabu jina la babu liliandikwaje. Vilevile, angalieni ufupisho. Abdulaziz ni "mtumishi wa Mwenye nguvu". Likikatwa likabaki Abdul, maana yake inakuwa "mtumishi wa", sentensi imeishia hewani, na Aziz aliyebeba nguvu ndiye aliyeachwa. Majirani na wanafunzi wenzake watalifupisha jina la mtoto mpende msipende, kwa hiyo ni busara kuujua ufupisho kabla yao na kuanza kumwita kwa ule mnaoutaka.

Majina yenye asili ya Kijerumani cha kale, ambayo yametufikia kwa njia ya Kiingereza, Kifaransa na makanisa, yana kanuni tofauti kabisa. Richard ni sehemu mbili: mamlaka na ugumu. Bernard ni dubu na ugumu, Leonard ni simba na ugumu, Gerard ni mkuki na ugumu. Sehemu hizi ziliunganishwa na kuunganishwa tena kutoka jina hadi jina, pengine moja ikirithiwa kwa mzazi, bila kukusudia sentensi yenye maana kamili. Orodha inapowaambia Leonard ni "shujaa kama simba" imetunga sentensi ambayo huenda wazee wale hawakuifikiria. Elezeni sehemu zake, inatosha.

Kufanana kwa sura nako kunapotosha. Simba kwetu ni mnyama; kwa Kishona simba ni nguvu, na Simbarashe ni nguvu ya Bwana. Akin, linaloanza majina mengi ya Kiyoruba, ni ushujaa, lakini Akinyi ni la Kijaluo, binti aliyezaliwa asubuhi, na hayana undugu wowote. Mkitaka nguvu iliyo wazi kwa Kizulu kuna Mandla. Kwa Kiigbo kuna Ikechukwu, nguvu ya Mungu. Hapa swali la kwanza ni rahisi: neno hili ni la lugha gani? Orodha isiyojibu swali hilo iachwe, hata kama maana iliyoandika inapendeza. Tovuti hizi hunakiliana, na kosa lililoandikwa mara hamsini bado ni kosa. Maana ikithibitishwa na msemaji wa lugha yenyewe, au na kamusi ya lugha hiyo, hapo mna la kushika.

Wanaotuuliza jina lenye nguvu, kwa sehemu kubwa, wanatarajia mtoto wa kiume. Kwa binti huombwa ua, nuru au uzuri. Sioni sababu. Aziza ni mwenye nguvu na heshima. Matilda, pamoja na ulaini wake wote mdomoni, ni nguvu na vita. Gertruda ni mkuki na nguvu. Valentina na Valeria yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwa na nguvu na afya njema, na Viktoria ni ushindi mtupu. Binti anayekua akijua hilo amepata kitu.

Mkiniuliza mimi, ningeacha majina ya mapanga na wanyama wakali nikatazama yale ya uthabiti. Thabiti: asiyeyumba. Imara. Ethan, ambalo kwa Kiebrania ni kitu madhubuti, kinachodumu. Petro, jiwe, ambalo kwa Kiaramu ni Kefa. Khalidi, mwenye kudumu. Nguvu za aina hii hazimdai mtoto awe mgomvi, na zinamfaa akiwa na miaka mitatu na akiwa na miaka sabini. Hayo ni maoni yangu, na kuna familia zenye sababu nzuri za kumwita mtoto Asadi au Haidari, yote mawili yakiwa ni simba.

Baada ya kuchagua, kubalianeni mtaliandika vipi. Thabit, Thabiti na Sabiti ni mtu mmoja nyumbani, lakini kwenye nyaraka wanaweza kuwa watu watatu, na kurekebisha baadaye huchosha. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa na ya kuandikishwa mara tu baada ya kuzaliwa. Baadhi ya nchi zina masharti juu ya majina yenyewe: New Zealand, kwa mfano, hukataa yanayofanana na vyeo, na Iceland ina kamati ya majina iliyoundwa mwaka 1991. Ulizeni ofisi ya usajili ya kwenu kabla ya kujaza fomu, isomeni herufi kwa herufi kabla ya kutia saini, na kwenye nakala mtakayobaki nayo andikeni jina limetoka lugha gani na nani alilichagua.