Kipindupindu wilayani: kutafuta maji yenye vimelea na kupima klorini sawasawa

Taarifa ya zahanati kwamba kuna mtu mzima anaharisha maji yanayofanana na maji ya mchele inatosha kuifanya timu ya afya ya wilaya iondoke ofisini siku hiyohiyo. Majibu ya maabara yatakuja baadaye. Kipindupindu huanza kuonekana kati ya saa 12 na siku 5 tangu mtu ameze vimelea, kwa hiyo kila siku tunayokaa kusubiri majibu, watu wengine wanateka maji palepale.

Mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, tunamshuku mtu yeyote wa miaka 2 au zaidi anayeharisha majimaji ghafla na kupungukiwa sana maji mwilini, au aliyekufa kwa hali hiyo. Mlipuko ukishatangazwa, kila anayeharisha majimaji ghafla, wa umri wowote, anahesabiwa. Zahanati inatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 bila kungoja ripoti ya wiki. Makosa huanzia hapa: mhudumu anaandika "kuhara" kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje, anatoa dawa, mgonjwa anarudi nyumbani, na sisi tunapata habari akishafika wa kumi.

Sampuli ya kinyesi ichukuliwe kabla ya kumpa mgonjwa antibiotiki. Kijiti chenye kinyesi kinawekwa kwenye kichupa cha Cary-Blair (kihifadhi cha kusafirishia sampuli) na kupelekwa maabara katika joto la kawaida la chumba. Kukiweka kwenye barafu kwa nia njema ni kosa la mara kwa mara, kwani vimelea hivi havipendi baridi wala ukavu, na maabara inaweza kusema hakuna kitu wakati kipo. Kipimo cha haraka kinasaidia kuamua pa kuelekeza nguvu, ila anayethibitisha ni maabara kwa kuotesha.

Kazi ninayoithamini kuliko zote hapa ni orodha ya wagonjwa. Jina, umri na jinsia kila mtu anajaza. Kinachotuokoa ni kitongoji, jina la balozi wa nyumba kumi, tarehe dalili zilipoanza (si tarehe ya kufika zahanati), na maji aliyokunywa siku tano kabla ya kuugua: kisima kipi, gati (bomba la umma) lipi, boza (gari la maji) la nani, kama alikuwa msibani, kama alikula kwa mama lishe sokoni. Swali "unatumia maji gani?" linajibiwa "ya bomba" karibu kila mara, kwa sababu ndilo jibu la heshima. Muulize badala yake: "Juzi bomba lilipokatika mlichota wapi?" Mchoro wa kijiji uliochorwa kwa mkono pamoja na mtendaji, wenye nukta kwa kila mgonjwa, mara nyingi unaonyesha chanzo kabla kompyuta haijawashwa. London mwaka 1854 daktari John Snow alifuatilia pampu ya Broad Street kwa njia hiyohiyo.

Chanzo kikishajulikana au kushukiwa, hatukifungi kama hakuna kingine. Watu watakwenda mtoni, na mto ni mbaya zaidi. Tunaweka mhudumu wa afya ngazi ya jamii kisimani tangu alfajiri hadi jioni, mwenye bomba la sindano lisilo na sindano na chupa ya klorini ya asilimia 1, akitia dawa katika kila ndoo inayotoka.

Klorini hiyo tunaitengeneza kwa HTH, yaani klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70: gramu 15, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Iache itulie, tumia maji ya juu, mashapo ya chini yaache. Chombo kiwe cha plastiki kisichopitisha mwanga na chenye mfuniko, na dawa isizidi wiki moja. Kwenye bati au sufuria inakula chuma na kuisha nguvu.

Kiasi cha kutia katika ndoo hakikadiriwi kwa macho. Chukua ndoo nne za lita 20 zenye maji ya kisima hicho, tia ml 2, 4, 6 na 8 za dawa, koroga, subiri dakika 30, kisha pima klorini iliyobaki. Tunatafuta angalau miligramu 0.5 kwa lita. Ikiwa ndoo ya ml 4 imebakiwa na 0.1 na ya ml 6 ina 0.9, tunaanza na ml 5 na kupima tena. Rudia kila siku, na hasa baada ya mvua, kwa sababu tope hula klorini. Maji machafu yaachwe yatulie kwanza na kuchujwa kwa kitambaa safi. Anayepima atumie kidonge cha DPD (kinachobadili rangi ya maji yenye klorini) namba 1, kinachoonyesha klorini ambayo bado ina nguvu. Namba 3 huonyesha klorini yote, pamoja na ile iliyokwisha kazi yake, na kwa hiyo maji mabaya yanapita kama mazuri.

Maboza yanahitaji zaidi: miligramu 2 kwa lita wakati wa kujaza, na kwenye magati 1, ili maji yafike nyumbani yakiwa bado na kinga. Kumwaga HTH kisimani mara moja na kuondoka hakusaidii kwa muda mrefu. Maji mapya yanaingia, na kesho yake klorini imekwisha. Nyumbani, kidonge cha klorini cha lita 20 kinafanya kazi vizuri ikiwa familia ina chombo chenye mdomo mwembamba au koki. Kikombe kinachozamishwa na kila mkono kinarudisha vimelea ndani.

Kwa usafi tunatumia nguvu tatu. Asilimia 0.05 ni ya kunawa mikono, gramu 15 za HTH katika lita 20. Asilimia 0.2 ni ya sakafu na vitanda, gramu 57 katika lita 20. Asilimia 2 ni ya matapishi, kinyesi na maiti, gramu 570 hivi katika lita 20. Moja ikitumika badala ya nyingine, mtu anaunguzwa mikono au choo kinabaki na uhai wa vimelea, kwa hiyo kila pipa liandikwe kwa rangi. HTH isichanganywe kamwe na sabuni ya unga wala tindikali, hutoa gesi ya sumu.

Kupuliza dawa nyumba kwa nyumba kunapendwa na viongozi kwa sababu kunaonekana. Mimi napinga. Mpuliziaji anafika baada ya familia kuwa imeshakunywa na kula pamoja na mgonjwa, na anaifanya kaya ionekane najisi, hivyo jirani anaficha mgonjwa wake. Wapuliziaji hao na gari lao wapeleke sabuni, vidonge vya maji na pakiti za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) kwa kaya ya mgonjwa na majirani wanaoizunguka, siku hiyohiyo.

Msibani tunahitaji makubaliano na shehe, padri au mchungaji mapema. Maiti isafishwe kwa klorini ya asilimia 2, matundu yazibwe kwa pamba, maziko yafanyike haraka, na aliyeosha asiguse chakula. Hatari kubwa huwa kwenye sufuria ya wali kuliko kaburini.

Kambini wanakotibiwa wagonjwa, aliyeishiwa maji kabisa apewe dripu ya Ringer ml 100 kwa kila kilo: ml 30 ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Mtoto chini ya mwaka, saa moja kisha saa tano. Vifo vikizidi asilimia 1 ya wagonjwa, kwanza tunaangalia umbali. Wengi hufia njiani, na kituo kidogo cha ORS kitongojini hupunguza hilo kuliko kitanda cha ziada mjini.

Mlipuko hatuutangazi umekwisha kwa sababu kambi iko tupu. Walioambukizwa wengi hawaonyeshi dalili na hutoa vimelea kwa siku 1 hadi 10. Tunaendelea kupima kila anayeshukiwa hadi wiki nne mfululizo zipite bila hata mmoja kuthibitika. Wakati huo RUWASA (wakala wa maji vijijini) na jumuiya ya watumia maji wanatengeneza pampu ya mkono na kujenga ukingo wa kisima, na afisa afya anasimamia vyoo vilivyo juu ya chanzo. Stoo ya wilaya nayo ikaguliwe kabla ya masika. Pipa la HTH lililofunguliwa mwaka jana likaachwa kwenye unyevu huwa limepungua nguvu, na hesabu zote nilizotoa hapa hazitakuwa sahihi mpaka lipimwe upya.