Je, kutazama televisheni humfanya mtu kuwa mgomvi?

Vijana wakipita mbele ya baraza huku wakirushiana mateke ya hewani, hakosi mzee wa kusema: "Tivii hiyo, ndiyo iliyotuharibia watoto." Kauli hii utaisikia Michenzani, Unguja, na utaisikia Wete, Pemba, na wanaoisema wanaisema kwa uchungu wa kweli. Wameona mtoto akitoka kwenye picha ya ngumi na kumvaa mdogo wake hapo hapo. Lakini kuna umbali mkubwa baina ya mtoto kuiga teke na mtu kuwa mkorofi wa kuumiza watu.

Historia ya Zanzibar yenyewe inatutaka tuwe waangalifu. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo 1973, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kabla ya hapo watu hawakukosa ugomvi. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki walikabiliana na serikali ya kikoloni katika Vita vya Ng'ombe, ghasia za kupinga mifugo yao kuchanjwa kwa lazima, na ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Hilo haliisafishi televisheni, ila linaonesha kwamba mzizi wa ugomvi ulikuwepo kabla yake.

Dhana kwamba sayansi imeshamaliza kesi hii inatokana zaidi na jaribio moja la Marekani. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watoto 72 wa skuli ya chekechea. Baadhi yao waliketishwa pembeni ya chumba wakibandika picha, huku upande wa pili mtu mzima akilishambulia sanamu kubwa la kujazwa upepo: analikalia, analitwanga ngumi za pua, analipiga nyundo ya mbao, analirusha juu na kulipiga mateke. Kisha kila mtoto alipelekwa kwenye chumba chenye vitu vizuri vya kuchezea, akaachiwa kidogo, halafu akaambiwa hivyo vimewekwa kwa ajili ya watoto wengine. Akiwa na kinyongo chake aliingizwa chumba cha tatu, na humo lilimo sanamu. Wengi wa waliomuona yule mtu mzima waliliangukia kwa namna ile ile, hata maneno yake wakayarudia.

Sasa angalia yanayoachwa habari hii inaposimuliwa. Katika jaribio hilo la 1961 hapakuwa na televisheni hata kidogo. Mtoto alimuona mtu mzima ana kwa ana, na filamu zilikuja kutumika katika jaribio la 1963, ambalo nalo lilionesha watoto wakiiga. Watoto pia walikuwa wametiwa hasira kwa makusudi. Na sanamu lile limetengenezwa lipigwe: lina uzito chini, ukilisukuma linalala kisha linainuka lenyewe. Mtoto anayelipiga anakitumia kitu kwa kazi yake. Hatuwezi kuruka kutoka hapo tukasema atampiga jirani.

La maana kuliko yote ni alilolifanya Bandura mwenyewe 1965, ambalo halitajwi sana, na kwangu ndilo zuri zaidi. Safari hii watoto 66 walioneshwa filamu ya mtu akilipiga sanamu, yenye miisho mitatu. Kundi moja liliona mpigaji akisifiwa na kupewa vitu vitamu. La pili liliona akikaripiwa na kuadhibiwa. La tatu halikuona tuzo wala adhabu. Walipoachwa wacheze, walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wenzao. Ungedhani wamefundishwa adabu. Lakini watafiti wakarudi na maji ya matunda na picha za kubandika, wakawaambia watoto: kila utakachokumbuka na kutuonesha, tutakupa zawadi. Tofauti baina ya makundi ikayeyuka. Wote walikuwa wamejifunza, hata wale waliotulia.

Fikiria mtoto wa Pemba msimu wa karafuu. Anakaa chini ya mkarafuu akichambua, na juu yake wachumaji wanapanda, wanavuta tawi, wanaliinamisha, wanahamisha mguu. Hakuna anayemfundisha, lakini macho yake yanachukua kila kitu. Miezi inapita bila yeye kupanda mti wowote, na ukimtazama utasema hajui. Siku baba akimwambia "panda, za tawi hili zako," utamuona anajua mguu unaanzia wapi. Ujuzi aliupata zamani, ila kilichokuwa hakijafika ni ruhusa na sababu. Kadhalika na kioo cha televisheni. Kinaweza kumpa mtoto namna ya kupiga, lakini kama ataitumia au la, hilo linaamuliwa na mazingira yaliyomzunguka: nani yupo karibu, nani atamkataza, na nini atapata akifanya.

Ndiyo maana tafiti za mahali televisheni ilipoingia kwa mara ya kwanza hazipatani. Kanada, mji mdogo ambao watafiti waliuficha kwa jina la Notel ulipata televisheni 1973, mwaka ule ule wa Televisheni Zanzibar. Watoto 45 wa madarasa ya mwanzo, wa mji huo na wa miji miwili ya kulinganisha, walifuatiliwa, na baada ya miaka miwili wale wa Notel walikuwa wakipigana na kutukanana zaidi. Ni ushahidi wa kuheshimiwa, ingawa watoto 45 ni wachache. Kisiwa cha St Helena, katikati ya Atlantiki ya Kusini, kilipata televisheni ya setilaiti 1995. Tony Charlton na wenzake walikuwa wameshawarekodi watoto kwenye viwanja vya skuli kabla haijafika, wakawarekodi tena baadaye. Tabia zao hazikuharibika. Watafiti wenyewe walielekea kwenye maelezo ambayo mtu wa Makunduchi au Konde atayafahamu mara moja: kisiwa kile kilikuwa na watu wapatao elfu tano, kila mtu anamjua mtoto wa nani huyu, na akikosea njiani habari inamtangulia nyumbani.

Jambo la ajabu kuliko yote lilitoka kwa wachumi wawili, Gordon Dahl na Stefano DellaVigna, mwaka 2009. Walilinganisha mahudhurio ya sinema Marekani na takwimu za polisi, wakakuta usiku ambao picha za mapigano zimejaza watu, mashambulizi yanapungua. Kijana anayependa fujo, akiwa amekaa kitini giza limetanda, hayuko nje na wala hanywi pombe. Hilo linahusu usiku ule tu. Halisemi nini kinamkuta baada ya miaka ya kutazama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwa mtoto mdogo, picha za mapigano huongeza mchezo wa fujo kwa muda mfupi, na hilo lina ushahidi wa kutosha. Kwamba televisheni peke yake hutengeneza wahalifu, ushahidi ni mwembamba.

Na kioo hicho hicho kinaweza kuvuta upande wa pili. Mwaka 2016, katika vijiji 112 vya Uganda, watafiti walitumia mabanda ya video kama haya tuliyonayo mitaani. Baina ya filamu, baadhi ya mabanda yalipitisha vipande vifupi kuhusu wanawake wanaopigwa na waume zao, na majirani wanaojua lakini hawasemi. Miezi kadhaa baadaye, wanawake wa vijiji vilivyooneshwa vipande hivyo waliripoti kipigo kidogo zaidi majumbani mwao. Maoni ya watu kuhusu iwapo mume ana haki ya kumpiga mkewe hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni utayari wao wa kusema wanapoona.