Je, wajua sumu ya kipindupindu hufungulia vipi maji utumboni?

Mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Cha kushangaza, bakteria wake hatoboi utumbo wala haingii ndani ya seli. Hukaa juu ya ukuta wa utumbo na kutoa sumu, na sumu hiyo huenda kuchezea swichi ambayo seli yenyewe huiwasha na kuizima kila siku. Mwisho wa waya wa swichi hiyo kuna protini iitwayo kinasi A.

Kinasi ni kimeng'enya kinachonyofoa fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Protini iliyobandikwa hubadilika umbo, na kazi yake hubadilika pia. Binadamu ana zaidi ya jeni 500 za kinasi. Kinasi A ilielezwa mwaka 1968, na mwaka 1991 ikawa ya kwanza kati ya zote ambayo kipande chake kinachofanya kazi kilichorwa umbo.

Wengi hudhani seli ikihitaji kinasi huitengeneza, isipoihitaji huacha. Kinasi A ipo muda wote, tayari kwa kazi. Kinachoizuia ni kushikwa. Vipande viwili vitendaji hukumbatiwa na vipande viwili vidhibiti, na kila kidhibiti huchomeka utepe mdomoni mwa kitendaji. Kinasi hii hupenda kubandika fosfeti mahali penye asidi amino (shanga zinazounda protini) kwa mpangilio huu: arginini mbili, kisha nyingine yoyote, kisha serini. Utepe wa kidhibiti cha aina ya kwanza una arginini mbili zilezile, ila pale palipopaswa kuwa na serini pana alanini, ambayo haina pa kubandikwa kitu. Kinasi inauma chambo isichoweza kukitafuna, na mdomo unabaki umezibwa.

Mshiko huo hutegemea mambo madogo mno. Kuna uvimbe wa tezi ya adrenali unaomwaga homoni ya kortisoli bila kikomo kwa sababu asidi amino moja tu ya kipande kitendaji, lusini iliyo nafasi ya 206, imegeuka arginini. Hapo ndipo kidhibiti hushika; pakiharibika, kinasi inakosa wa kuizuia.

Katika seli yenye afya, kinacholegeza mshiko ni cAMP, molekuli ndogo inayotengenezwa kutokana na ATP. Kila kidhibiti hupokea cAMP mbili, hivyo nne kwa kifurushi kizima. Lakini kinasi ikilegezwa katikati ya seli ingebandika fosfeti ovyo, kwa hiyo mahali ilipo ni muhimu sawa na kufunguliwa kwake. Kazi ya kuiweka mahali pake hufanywa na protini za nanga. Kwenye seli za utumbo mojawapo ni ezrini: upande mmoja imeshika nyuzi zilizo chini ya utando wa seli, upande mwingine imeshika vidhibiti vya kinasi A, na kupitia protini nyingine ya kuunganisha imekaa jirani na CFTR, mlango wa kutolea kloridi. Yaani kinasi imeegeshwa mlangoni kabisa. Seli ina pia vimeng'enya vya kuvunja cAMP, pamoja na protini ndogo iitwayo PKI inayowahi kuziba mdomo wa kinasi iliyochomoka.

Sasa sumu inaingia. Sehemu zake tano za nje hushika mafuta ya utando yaitwayo GM1, na sehemu ya sita, ile yenye madhara, hupenya ndani. Hata hiyo haifanyi kazi sawasawa mpaka ishikane na ARF6, protini ya seli yenyewe! Kisha hubandika kipande cha ADP-ribosi juu ya arginini moja ya Gs, protini inayoamuru cAMP itengenezwe. Kwa kawaida Gs hujizima kwa kukata GTP, molekuli inayoiwasha, na arginini hiyo ni sehemu ya makali ya kukatia. Ikifunikwa, Gs inabaki imewaka, cAMP inafurika kuliko inavyoweza kuvunjwa, na kinasi zinalegezwa.

Kinachofuata ni kinasi kutii amri. Inabandika fosfeti kwenye CFTR, mlango unafunguka, kloridi inamwagika ndani ya utumbo. Sodiamu inaifuata, na maji yanafuata chumvi. Papo hapo hufunga NHE3, mojawapo ya milango ya kurudishia sodiamu mwilini.

Mlango mmoja kinasi haiufungi: SGLT1, unaoingiza sodiamu mbili pamoja na glukosi moja. Ndiyo maana ORS, maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, hufanya kazi hata sumu ikiwa bado ndani. Lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti. Pakiti ikikosekana, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi, ingawa potasiamu itakosekana. Kuongeza sukari "ili apate nguvu" ni kosa: sukari iliyozidi huvuta maji yarudi utumboni na kuhara kunaongezeka. Soma pia pakiti, kwani zipo za lita moja na za nusu lita. Mgonjwa aliyelegea sana au asiyeweza kunywa anahitaji dripu haraka.

Antibayotiki huua bakteria na kufupisha ugonjwa, lakini haibandui kilichokwisha kubandikwa kwenye Gs. Seli iliyoathirika huendelea kumwaga maji mpaka ing'oke na nafasi yake ichukuliwe na mpya. Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha kwa siku 3 hadi 5 hivi. Mpaka hapo, kinachotoka kirudishwe kwa kikombe.