Neno la siri lisiandikwe kwenye amri

Msimu wa korosho unapofunguliwa hapa Mtwara, seva moja ya ghala huweza kubeba makarani kadhaa kwa wakati mmoja: huyu anaingiza uzito wa magunia, yule anaandaa malipo ya wakulima wa Tandahimba, na usiku programu inanakili hifadhidata yote kwenda mahali pa akiba. Katika chama kimoja nilikuta neno la siri la hifadhidata limo ndani ya amri yenyewe ya kunakili. Skripti, yaani faili lenye amri hiyo, ilikuwa imefungwa vizuri, wasome wakubwa tu, lakini neno lile lilikuwa wazi kwa kila karani aliyeingia kwenye mashine.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, kila programu inayoendeshwa (mchakato) hupewa namba, na kerneli, yaani kiini cha mfumo, huifungulia saraka yenye namba hiyo ndani ya saraka kuu iitwayo /proc. Saraka hizo hazipo kwenye diski. Kerneli huandika jibu pale pale unaposoma. Faili la status hutaja mwenye programu, hali yake na kumbukumbu inayotumia. Faili la cmdline hutoa amri nzima kama ilivyoandikwa, neno la siri likiwemo, na kwa kawaida mtumiaji yeyote anaruhusiwa kulisoma. Ukiandika ps aux, amri ya kuorodhesha michakato yote, kazi yake ni kukusomea mafaili hayo.

Mpango huu wa /proc ulibuniwa kwenye Unix, mfumo uliotangulia Linux, na Tom Killian wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, akaueleza mwaka 1984. Kabla yake ps ilichungulia kumbukumbu ya kerneli moja kwa moja, hivyo ilibidi ipewe ruhusa kubwa mno. Mifumo mingine kama FreeBSD na macOS hutumia sysctl, njia ya kuiuliza kerneli bila kupitia mafaili, kwa hiyo programu inayotegemea /proc isipelekwe huko bila marekebisho.

Vijana wetu mnaoandika programu za kusoma taarifa hizi, kumbukeni kwamba mchakato unaweza kufa kabla hamjafungua faili lake. Faili likikosekana, lichukulieni kuwa jambo la kawaida, programu iendelee.

Neno la siri liwekwe kwenye faili lenye ruhusa 600, yaani mwenye faili pekee ndiye anayeweza kulisoma na kuliandika, lisomwe na programu yenyewe. Msimamizi anaweza pia kupachika (mount) /proc kwa chaguo la hidepid=2, lililopo tangu Linux 3.3 ya mwaka 2012, ili kila mtu aone michakato yake tu. Kisha neno la zamani libadilishwe siku hiyohiyo: kwa kawaida ps haiachi kumbukumbu ya nani alisoma nini.